Ralph Bunche: Mwanafunzi wa Kenyatta aliyekataa uanachama wa klabu ya tenisi

WASAFIRI wanaotoka Gitothua, Ruiru na Thika kila asubuhi kuelekea jijini Nairobi hutawanyika katika pembe nyingi za jiji hilo. Baadhi yao hushukia Barabara ya Ralph Bunche, si mbali na Nairobi Hospital. Hulitaja jina hilo kwa makondakta wa matatu bila kujua lilikuwa la nani, wala lilifikaje Kenya.

Ralph Johnson Bunche alikuwa Mmarekani mweusi, msomi na mwanadiplomasia, na ndiye mtu wa kwanza wa asili ya Kiafrika kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alijifunza Kiswahili kwa Jomo Kenyatta jijini London, kisha mwaka wa 1938 akafika Kiambu na kupokelewa na Wakikuyu kama ndugu aliyerejea nyumbani.

Miaka 21 baadaye, akiwa mmoja wa maafisa wa ngazi za juu kabisa katika Umoja wa Mataifa, alijikuta katikati ya mzozo uliozungumziwa kote Marekani. Chanzo chake kilikuwa jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka lingeonekana dogo: mwanawe wa umri wa miaka 15 alitaka kucheza tenisi katika klabu iliyo karibu na kwao.

Namna alivyoushughulikia mzozo huo inaeleza maisha yake vyema kuliko medali na vyeti vyote alivyotunukiwa.

Malezi ya Nyanya

Bunche alizaliwa Agosti 7, 1904 mjini Detroit, katika jimbo la Michigan. Babake alikuwa kinyozi na mamake alikuwa mpenzi wa muziki. Mwaka wa 1915 familia hiyo ilihamia Albuquerque, jimbo la New Mexico, kwa matumaini kwamba hewa kavu ya huko ingempa nafuu mama aliyekuwa mgonjwa.

Matumaini hayo hayakutimia. Mama alifariki mwaka wa 1917, na kufikia wakati huo baba alikuwa ameondoka. Ralph, akiwa na umri wa miaka 12, pamoja na dadake mdogo, walibaki mikononi mwa nyanya yao mzaa mama, Bi Lucy Taylor Johnson, aliyewachukua na kwenda kuishi nao Los Angeles.

Bi Lucy alizaliwa utumwani. Rangi yake ilikuwa nyeupe kiasi kwamba angeweza kujificha miongoni mwa Wazungu na kuishi kwa raha, lakini hakutaka kamwe kuikana jamii yake. Aliwafunza wajukuu wake kuinua vichwa, kusoma kwa bidii na kutokubali kudharauliwa.

Katika shule ya upili ya Jefferson, Ralph aliongoza darasa lake na akateuliwa kutoa hotuba siku ya kuhitimu. Hata hivyo, jina lake halikuonekana katika orodha ya wanafunzi wa jiji waliotambuliwa kwa ubora wa masomo. Sababu ilikuwa rangi yake.

Siku hiyo ya mahafali, mwalimu mkuu alimwendea Bi Lucy akitaka kumfurahisha. Alimweleza kwamba shuleni hapo hakuna aliyewahi kumhesabu Ralph kuwa mtu mweusi. Ajuza huyo hakufurahi. Alimkaripia mwalimu mkuu papo hapo, akamweleza kwamba maneno hayo ni tusi kwa mjukuu wake, kwa wazazi wake na kwa jamii yake yote.

Kijana alisimama kando akisikiliza. Alikuwa amefunzwa somo ambalo hakulisahau: kwamba sifa anayopewa mtu mmoja kwa kutengwa na wenzake si sifa, bali ni dharau iliyovikwa joho la adabu.

Kutoka hapo alijiunga na chuo ambacho baadaye kilijulikana kama UCLA. Alicheza mpira wa vikapu katika timu ya chuo, akafanya kazi ya usafi ili kujikimu, na mwaka wa 1927 akahitimu akiwa wa kwanza. Alipopata nafasi ya kuendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Harvard bila kuwa na nauli wala pesa za matumizi, akina mama weusi wa Los Angeles walimchangia dola 1,000.

Alipata shahada ya uzamili mwaka wa 1928, akaanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Howard jijini Washington ambako aliasisi idara ya sayansi ya siasa. Mwaka wa 1934 alihitimu shahada ya uzamifu huko Harvard. Tasnifu yake ililinganisha utawala wa Wafaransa katika Togo na Dahomey, nchi ambayo leo huitwa Benin. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata uzamifu katika taaluma hiyo.

Kiswahili London, Udongo wa Kiambu

Mwaka wa 1937 Bunche alifika London kwa masomo zaidi kuhusu mila na desturi za jamii za Kiafrika. Mhadhiri wake katika Chuo cha Uchumi cha London alikuwa Bronislaw Malinowski, mwanaanthropolojia aliyesifika sana wakati huo. Kenyatta pia alikuwa mwanafunzi wa Malinowski, na alikuwa akitayarisha kazi iliyochapishwa mwaka wa 1938 kwa jina Facing Mount Kenya.

Kenyatta alihitaji pesa. Bunche alihitaji lugha. Wakakubaliana. Mkenya akawa mwalimu wa Kiswahili na Mmarekani akawa mwanafunzi, na kupitia masomo hayo Bunche akapata pia ufunguo wa nyumba za Kiambu.

Baada ya kuzuru Afrika Kusini, ambako aliona jinsi ubaguzi ulivyoingizwa katika kila sehemu ya maisha, Bunche aliwasili Kenya mwanzoni mwa 1938. Kwa sababu ya uhusiano wake na Kenyatta na familia ya Chifu Mkuu Koinange wa Mbiyu, alipokelewa kwa furaha. Wazee walimchukulia kuwa mjukuu wa watu waliotekwa na kupelekwa ng'ambo, ambaye sasa alikuwa amerudi. Walimpa jina la Kariuki, yaani mtu aliyefufuka.

Hakuja kutembea tu. Alibeba kamera ya filamu na madaftari, akahoji wazee na kuhudhuria sherehe. Mwaka wa 1939 alichapisha katika jarida la historia ya Wamarekani weusi makala kuhusu suala la ardhi nchini Kenya kwa mtazamo wa chifu wa Kikuyu. Mnamo 1941, jarida hilo hilo lilichapisha makala yake kuhusu sherehe ya irua miongoni mwa Wakikuyu wa wilaya ya Kiambu.

Suala hilo la ardhi halikuwa nadharia. Nyanda kubwa za kuanzia Kiambu kupitia Ruiru hadi Thika zilikuwa zimekwisha kuwa mashamba ya walowezi, yenye mibuni na mikonge. Mwafrika aliyekuwa mwenye ardhi jana, leo alikuwa kibarua au mpangaji kwa hisani.

Palipokuwa na mashamba ya walowezi, hapakukosa klabu. Ruiru Sports Club na Thika Sports Club, ambazo zipo hadi leo, ni miongoni mwa zile zilizoanzia zama hizo. Mlowezi alipofunga hesabu za shamba alikwenda klabuni kucheza gofu au tenisi, kunywa, kusikia bei ya kahawa na kujua nani angesimama katika uchaguzi wa wawakilishi wa Wazungu. Mwafrika aliingia humo akiwa mpishi, mfagizi au mwokota mipira. Hakuingia akiwa mwanachama, wala mgeni.

Bunche aliyaona mambo hayo kwa macho ya mtu aliyeyajua tangu utotoni. Mwaka wa 1936 alikuwa amechapisha kitabu kidogo kuhusu suala la rangi duniani, akidai kwamba ubaguzi ni chombo cha kulinda mali na madaraka. Kenya ilimpa ushahidi wa hoja hiyo, kwa kuwa waliochukua ardhi ndio waliofunga milango ya klabu.

Meza ya Biliadi Kisiwani Rhodes

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilimtoa Bunche darasani. Serikali ya Marekani ilimhitaji kwa sababu ni watu wachache mno nchini humo waliokuwa na ujuzi wake kuhusu Afrika. Mwaka wa 1945 alikuwa San Francisco, akisaidia kuandika sehemu za Mkataba wa Umoja wa Mataifa zinazohusu makoloni na maeneo ya udhamini.

Mwaka uliofuata alijiunga na Umoja wa Mataifa na kuongoza idara ya udhamini. Miongoni mwa nchi zilizokuwa chini ya mpango huo ni Tanganyika na Ruanda-Urundi. Ni mbele ya Baraza la Udhamini, mjini New York, ambapo Mwalimu Julius Nyerere alisimama mwaka wa 1955 kuitetea Tanganyika. Jukwaa hilo lilikuwa tunda la sura ambazo Bunche alishiriki kuziandika.

Hata hivyo, jina lake lilienea duniani kwa sababu ya Palestina. Mnamo Septemba 17, 1948, mpatanishi wa Umoja wa Mataifa, Folke Bernadotte wa Uswidi, aliuawa kwa kupigwa risasi jijini Jerusalem. Bunche, aliyekuwa msaidizi wake, alitwikwa mzigo huo.

Januari 1949 aliwaita wajumbe wa Misri na Israel katika hoteli moja kisiwani Rhodes, Ugiriki. Pande hizo mbili hazikutaka hata kuketi pamoja. Bunche alianza kwa kuzungumza na kila upande kando, akaandika rasimu moja baada ya nyingine, akakesha usiku kucha.

Pia alitumia michezo. Hotelini humo kulikuwa na meza ya biliadi, na Bunche, aliyeipenda biliadi tangu ujana, alicheza na wajumbe wa pande zote. Alijua kwamba watu wanaoshiriki mchezo mmoja huanza kutazamana kama watu. Aliagiza vilevile sahani za ukumbusho kutoka kwa wafinyanzi wa kisiwa hicho, akawaonyesha wajumbe na kuwatania kwamba wakiafikiana kila mmoja atapata yake, na wakishindwa atawavunjia vichwani.

Misri na Israel zilitia sahihi Februari 24, 1949. Lebanon ilifuata Machi, Jordan Aprili na Syria Julai. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Nobel ya mwaka wa 1950. Mwanzoni alifikiria kuikataa, akiamini kwamba mtumishi wa Umoja wa Mataifa hatafuti amani ili atuzwe. Ni Katibu Mkuu Trygve Lie aliyemtaka aipokee kwa manufaa ya shirika lao.

Heshima nyingine aliikataa waziwazi. Mwaka wa 1949 Rais Harry Truman alimpa wadhifa wa naibu katika Wizara ya Mambo ya Nje. Bunche alikataa. Jiji la Washington lilikuwa na ubaguzi wa rangi katika shule, nyumba na mikahawa, naye hakutaka kuwarudisha mkewe Ruth na watoto wao watatu katika maisha hayo. Hakuona maana ya kuiwakilisha nchi mbele ya mataifa mchana, kisha jioni familia yake ifukuzwe kwenye mkahawa.

Forest Hills, Julai 1959

Familia ya Bunche ilihamia Kew Gardens, katika eneo la Queens jijini New York. Si mbali na nyumba yao ilikuwepo West Side Tennis Club ya Forest Hills. Klabu hiyo iliasisiwa mwaka wa 1892 na kuhamia Forest Hills mwaka wa 1913. Ilikuwa na viwanja vya nyasi, jengo la kifahari na uwanja mkubwa wa watazamaji uliofunguliwa mwaka wa 1923. Huko ndiko mashindano ya kitaifa ya tenisi ya Marekani yalikofanyiwa kwa miongo kadhaa.

Ili kuelewa uzito wa klabu kama hiyo, ni vyema kukumbuka nafasi ya vyama hivyo katika maisha ya matajiri wa New York na viunga vyake. Wanachama hawakutaka hata majira ya baridi yawatenganishe. Mwaka wa 1928, katika mji wa Scarsdale, majirani wawili, James Cogswell na Fessenden Blanchard, walijenga jukwaa la mbao ambalo lingeweza kufagiliwa theluji, wakalizungushia waya, na kuanza kucheza namna ya tenisi nje kwenye baridi kali. Mipaka ya uwanja ilikuwa midogo, raketi ilikuwa kibao cha mbao, na mpira uliogonga waya baada ya kudunda uliweza kuchezwa. Muda si mrefu mchezo huo ukachukuliwa na klabu ya Fox Meadow mjini humo, kisha na klabu nyingine nyingi.

Watu waliokuwa radhi kufagia theluji ili wasikose kukutana hawakuwa wakitafuta mazoezi ya viungo tu. Klabuni ndiko urafiki ulikofungwa, kazi zilikopatikana na vijana walikojuana na wale ambao siku moja wangeongoza mabenki na kampuni. Kumfungia mtu lango la klabu kulikuwa kumfungia mengi yasiyoonekana uwanjani.

Mtoto wa kiume wa Bunche, aliyeitwa Ralph kama babake, alikuwa akifundishwa tenisi na kocha wa klabu ya West Side. Kocha huyo aliona kwamba kijana anafaa, akapendekeza ajiunge na klabu akiwa mwanachama chipukizi. Bunche alimpigia simu rais wa klabu kuulizia utaratibu. Alijibiwa kwamba klabu haiwapokei watu weusi, wala Wayahudi, kwa kuwa wanachama wengi wangejiondoa.

Jibu hilo lilishangaza kwa sababu moja ya ziada. Tangu mwaka wa 1950 Althea Gibson, mwanamke mweusi aliyekulia Harlem, alikuwa akicheza katika mashindano ya kitaifa kwenye viwanja hivyo hivyo. Mnamo 1957 na 1958 alitwaa ubingwa wa Marekani kwenye nyasi za Forest Hills. Kwa maneno mengine, mtu mweusi aliruhusiwa kuwa bingwa humo, mradi baada ya kukabidhiwa kombe aende zake.

Bunche angeweza kunyamaza. Wengi wa hadhi yake wangetafuta klabu nyingine, au kuomba rafiki mwenye ushawishi azungumze na wakubwa faraghani. Yeye aliliweka jambo hilo hadharani kupitia magazeti.

Alieleza kwamba yeye na mwanawe hawakupata hasara kubwa. Mtu wa cheo chake alikwisha kuwa na mengi. Lakini kisa hicho, alisema, kinaonyesha kwamba hakuna mtu mweusi Marekani, hata awe na elimu na sifa za namna gani, anayeweza kujidai kuwa huru na fedheha ya ubaguzi ilhali mnyonge kabisa wa jamii yake katika majimbo ya Kusini angali anabaguliwa.

Ghadhabu ilizagaa. Klabu iliyokuwa ikijiandaa kuwa mwenyeji wa fainali ya Davis Cup baina ya Marekani na Australia mwezi uliofuata ikajikuta ikishutumiwa kila upande. Katika siku chache rais wake akajiuzulu. Uongozi uliobaki ukaomba radhi, ukakana kwamba klabu ina sera ya kubagua, na ukamkaribisha Bunche na mwanawe wawe wanachama.

Hapo ndipo watu wengi walipodhani kisa kimekwisha. Mlango ulikuwa wazi, aibu imekiriwa, na kijana angeweza kuchukua raketi yake na kuingia. Bunche akakataa.

Sababu yake ilikuwa kwamba mwaliko huo haukutokana na imani ya usawa. Ulitolewa kwake kwa kuwa alikuwa na jina, Nobel na magazeti nyuma yake. Kijana mweusi au Myahudi wa mtaa huo huo, ambaye babake ni mwalimu au dereva, asingepokea barua kama hiyo. Kuingia kwa njia hiyo kungekuwa kukubali kwamba yeye si kama weusi wengine, yaani kukubali maneno yale yale ambayo nyanya yake aliyakataa mbele ya mwalimu mkuu Los Angeles.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama, na aliyeilipa kwanza ni kijana aliyetaka tu kucheza. Mzazi yeyote anaweza kuona ugumu wake. Lakini Bunche aliona kwamba mtoto anayeingizwa mahali kwa upendeleo wa babake hujifunza kuishi kwa upendeleo.

Lawama za Kongo

Si kila mtu mweusi aliyemwona Bunche kuwa shujaa. Mwaka mmoja baada ya kisa cha Forest Hills, Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alimtuma Kongo kushuhudia uhuru wa Juni 30, 1960. Siku tano baadaye jeshi liliasi, Katanga ikajitenga, na Bunche akajikuta akianzisha mojawapo ya operesheni kubwa kuliko zote ambazo Umoja wa Mataifa ulikuwa umewahi kuendesha.

Alikosana na Waziri Mkuu Patrice Lumumba, aliyetaka majeshi ya Umoja wa Mataifa yamsaidie kuirejesha Katanga kwa nguvu. Agosti 1960 Bunche alisafiri hadi Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, kuzungumza na Moise Tshombe, na akarudi akishauri majeshi yasiingie kwa haraka. Wafuasi wa Lumumba waliona huo kuwa usaliti.

Baada ya habari za kuuawa kwa Lumumba kutangazwa Februari 1961, Wamarekani weusi waliandamana hadi ndani ya ukumbi wa Baraza la Usalama jijini New York. Bunche aliomba radhi kwa niaba ya jamii yake kutokana na vurugu hizo. Waliomkosoa hawakukawia, akiwemo mwandishi wa tamthilia Lorraine Hansberry, aliyehoji Bunche alipata wapi mamlaka ya kuwasemea weusi wote. Malcolm X naye alimshutumu kwa kuwatumikia Wazungu.

Lawama hizo zilikuwa na chembe ya ukweli. Bunche aliamini taasisi, mikataba na subira, na mara nyingine subira yake ilikuwa ndefu kuliko uhai wa wale waliokuwa wakingoja. Hata hivyo, ni vigumu kumhesabu kuwa kibaraka mtu aliyekataa cheo cha Truman na uanachama wa Forest Hills kwa sababu ile ile moja.

Machi 1965, akiwa anaugua kisukari na macho yakififia, alijiunga na Martin Luther King Jr katika maandamano ya kutoka Selma hadi Montgomery, jimbo la Alabama, kudai haki ya kupiga kura. Alitembea katika safu ya mbele.

Nyasi Zile Zile

Septemba 1968, mashindano ya kwanza ya US Open yalifanyika Forest Hills. Arthur Ashe, kijana mweusi wa umri wa miaka 25 kutoka Richmond, Virginia, alimshinda Tom Okker wa Uholanzi katika fainali ya seti tano. Ashe alikulia ndani ya bustani ya watu weusi ambako babake alikuwa mlinzi, na ilimbidi ahamie St. Louis mwaka wa mwisho wa shule ili apate mahali pa kufanyia mazoezi wakati wa baridi, kwa sababu viwanja vya ndani vya Richmond vilikuwa vya Wazungu pekee. Kwa vile alikuwa mchezaji wa ridhaa, hakuruhusiwa kuchukua zawadi ya dola 14,000.

Bunche alikuwa hai kushuhudia siku hiyo. Alikuwa bado kazini chini ya Katibu Mkuu U Thant, ingawa mwili ulikuwa umechoka. Aliacha kazi mwaka wa 1971 kwa sababu ya maradhi, na akafariki Desemba 9 mwaka huo jijini New York akiwa na umri wa miaka 67. Alizikwa katika makaburi ya Woodlawn, eneo la Bronx. Mashindano ya US Open yaliondoka Forest Hills baada ya mwaka wa 1977, na uwanja mkuu wa makao yake mapya ulipofunguliwa mwaka wa 1997 ulipewa jina la Ashe.

Nchini Kenya, uhuru uliiondoa rangi katika kanuni za klabu. Leo Mwafrika anacheza gofu na tenisi Ruiru na Thika akiwa mwanachama na hata mwenyekiti, jambo ambalo lisingewezekana Bunche alipopita Kiambu na kamera yake. Kinachobaki ni ada, na utaratibu wa mwombaji kudhaminiwa na wanachama waliomo.

Bunche hakupinga klabu kuwa na kanuni. Alichouliza ni kama kanuni inayomfungulia mtu maarufu inamfungulia pia jirani yake asiyejulikana. Kwake, jibu likiwa la, mlango ungali umefungwa, hata kama yeye mwenyewe amekwisha kukaribishwa ndani.